Rudi Nyuma Hatua Ishirini: Majibu kwa Wanaotaka Kutengeneza Kitabu cha Picha za Mabango

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba namalizia kitabu cha picha za mabango ya matangazo ya Dar es Salaam, kazi niliyoianza kwa mzaha nikiwa nimekwama kwenye foleni Ubungo. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Naona vijana mnaniita shangazi. Nimepokea, ila ya mapenzi mpelekeeni shangazi mwingine; hapa ni kamera tu.

Shikamoo shangazi. Bango ni tangazo la sabuni au soda. Kitabu kizima cha mabango si kitamchosha mtu? (Msomaji, Mwananyamala)

Marahaba. Kitamchosha, tena haraka, ukipiga bango peke yake. Mwaka wangu wa kwanza wote niliupoteza hivyo: lenzi ndefu, bango limejaa fremu kona hadi kona, limenyooka kama limepigiwa rula. Nilipozitandaza picha mezani nikaona nimezifanyia kampuni kazi yao bure. Tangazo lao nimelinakili, na kwa ubora mdogo kuliko la kwao.

Kilichoniokoa ni kurudi nyuma hatua ishirini. Pale Manzese palikuwa na bango la mkopo wa nyumba: baba, mama, watoto wawili, sofa jeupe lisilo na doa. Chini yake, kwenye kivuli cha bango lenyewe, fundi alikuwa amepindua sofa kuukuu miguu juu, anang'oa misumari kwa koleo, sponji la njano limemwagika kama matumbo ya samaki. Nilifurahi siku nzima. Halafu nikapiga nyingine za namna hiyo, na nyingine, na baada ya kurasa kumi utani wa "juu tajiri, chini maskini" ukanikinaisha. Acha moja au mbili. Zaidi ya hapo unawacheka watu wasiokuchekesha.

Utajiri wa kweli uko kwenye muda. Bango hukupa tarehe hata kama hukuiandika. Chukua kampuni moja ya simu: ukiona jina lake la Celtel kwenye picha, unajua bango liliwekwa 2008 au kabla. Zain ilikaa kuanzia 2008 hadi 2010, ndipo Airtel ikachukua nafasi. Ukiona Yas, picha si ya zamani, maana Tigo, kampuni nyingine ya simu, ilibadili jina mwishoni mwa 2024. Nina nguzo moja ya chuma niliyoipiga tangu enzi za Celtel, nguzo ileile, kutu ileile upande wa kushoto, majina yanapita juu yake kama wapangaji. Na nyuma ya kila jina mji unabadilika: ghorofa limeota, mwembe umekatwa, barabara ambayo haikuwa na mwendokasi inayo. Hapo msomaji hachoki, kwa sababu anatafuta alipokuwa yeye mwaka huo.

Dada, habari za kazi. Je, lazima niombe ruhusa kwa kila kampuni yenye bango kwenye kitabu changu? (Mpiga picha, Arusha)

Nzuri, kaka. Kwanza ondoa kichwani ile hoja ya "mbona liko barabarani". Picha na michoro iliyo ndani ya tangazo ni kazi ya mtu, na inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa Tanzania. Kenya wana ya kwao ya 2001. Sanamu au jengo lililosimama hadharani miaka yote ni jambo moja, karatasi inayobanduliwa baada ya miezi mitatu ni jambo jingine.

Kinachokupa nafasi ya kupumua ni jinsi unavyopiga. Mtaa wenye bango ndani yake ni picha yako. Ukurasa ambao ni tangazo lenyewe, limekatwa pembe nne, ni nakala ya kazi ya mwenzako. Jaladani usiweke bango la kampuni moja likaonekana peke yake, mtu dukani atadhani ni zawadi ya mwaka mpya kutoka kwao. Na kabla ya kupeleka kazi kiwandani, mlipe mwanasheria wa hakimiliki akae na kitabu chako saa moja. Fedha hiyo ni ndogo kuliko ya kuchapa upya.

Kuna mtego mwingine hamkuniuliza. Kampuni moja iliniambia itanunua nakala mia mbili mradi nitoe picha mbili za mshindani wake. Nilimeza mate, nikakataa. Mpaka leo nikipita chini ya bango lao nahesabu zile fedha.

Mabango ya skrini yananitolea mistari myeusi kwenye picha. Kamera imeharibika? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kamera nzima. Zile taa za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni, na shata yako ya haraka inakamata kipande tu cha mzunguko. Shuka hadi 1/60 ya sekunde, mistari ikibaki shuka hadi 1/30, weka kamera kwenye miguu mitatu. Subiri dakika ishirini hivi baada ya adhana ya magharibi: anga bado ina buluu, skrini haijawa kali kupita kiasi, na sura za watu kituoni bado zinaonekana. Usiku wa manane utapata dirisha jeupe kwenye giza basi.

Kuna mama anauza mihogo ya kukaanga chini ya bango kubwa la benki. Nimpige kwa siri ili asijipange? (Msomaji, Mbagala)

Nunua mihogo kwanza. Kaa, kula, mweleze unachofanya, rudi kesho yake. Siku ya tatu atakuwa hakuoni tena, na hapo ndipo "asijipange" unayoitafuta inapopatikana. Akikataa, umekula mihogo. Kumbuka pia kwamba sura ya mtu ni taarifa yake: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya 2019. Mimi hubeba karatasi ya ridhaa ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili, na humwachia mtu nakala yenye namba yangu.

Ila kuna kosa kubwa kuliko la siri, nalo ni maelezo ya chini ya picha. Mwaka 1937, Margaret Bourke-White alipiga picha mjini Louisville, Marekani: Wamarekani weusi wamepanga foleni na ndoo na vikapu mbele ya bango lenye familia ya kizungu ndani ya gari, limeandikwa kwamba hakuna nchi yenye maisha ya hali ya juu kama Marekani. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na wengi huitazama wakidhani ile ni foleni ya watu waliofukarishwa na mdororo wa uchumi wa miaka ile. Wale walikuwa wakisubiri msaada baada ya mto Ohio kufurika. Picha haikusema uongo. Aliyeitenga na maelezo yake ndiye aliyeipotosha. Kwa hiyo mama wa mihogo usimwandike "umaskini chini ya benki". Andika mahali, mwezi, mwaka, na anachouza. Mama wa mihogo niliyempiga mimi, wa Tandika, kwa taarifa yako, amesomesha watoto watatu kwa karai lile, na akaunti anayo hukohuko benki.

Nina picha zaidi ya elfu nne kwenye kompyuta. Nachaguaje? (Msomaji, Mwanza)

Kompyuta haitakusaidia, kwa sababu kwenye skrini kila picha ni nzuri kwa sekunde mbili. Toa mia tatu zinazokugusa, zisafishe kwa saizi ndogo ya sentimita 10 kwa 15, zimwage sakafuni. Funga mlango, watoto wasizikanyage.

Usianze kutafuta nzuri. Tafuta zinazoongea. Kitabu kinafunguka kurasa mbili kwa mpigo, kwa hiyo picha haisomwi peke yake, inasomwa na jirani yake. Kushoto niliweka bango la maji ya chupa, kulia madumu ya njano yamepangwa bombani. Ilikuwa rahisi mno, nikaitoa. Mahali pake nikaweka bango hilohilo la maji likiwa limepigwa jua miaka miwili. Mnajua rangi ya bango inavyokufa: nyekundu na njano hutangulia, buluu hubaki. Yule dada wa kwenye tangazo alikuwa amebaki na uso wa buluu kama marehemu wa kwenye filamu, bado anatabasamu, bado anakunywa. Hiyo ilitosha, haikuhitaji madumu.

Ukishapanga, tengeneza kitabu cha majaribio. Karatasi za kawaida, pini za ofisini, gundi. Kisha mpe mtu asiyejua picha, wewe ukae kimya utazame vidole vyake. Mimi nilimpa mama mdogo, mwenye meza ya vitenge Kariakoo. Picha nilizozipenda alizipita kama anahesabu noti za elfu moja. Akasimama kwenye picha ambayo nilikuwa nimeshaamua kuitoa: fremu tupu, chuma kitupu, bango limeondolewa. Akaiwekea kidole. "Hapa si ndipo tulikuwa tunashukia? Kwenye bango shusha! Sasa hivi makonda wanapaitaje?"

Fremu tupu ikarudi kitabuni, ikapewa ukurasa mzima. Baadaye nikazitafuta nyingine. São Paulo, Brazil, walipitisha sheria mwaka 2006 ya kusafisha mji, ikaanza kazi Januari 2007, mabango yapatayo 15,000 yakashushwa, na kwa muda mrefu mji ule ulikuwa na mifupa ya chuma kila kona. Sisi hatujafika huko, lakini upanuzi wa barabara unatufanyia kazi hiyo vipande vipande. Aliyepiga Kimara kabla ya bomoabomoa ya 2017 ana kitabu tayari, labda hajui.

Gharama za kuchapa zinanitisha. Nichape nakala ngapi, na wapi? (Msomaji, Tanga)

Inategemea aina ya mtambo. Kwenye ofseti, mtambo wa kuchapa kwa pleti (mabamba ya chuma yenye picha), unalipia pleti kwa kila rangi, na gharama hiyo ni ileile uchape nakala mia au elfu, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka kadiri unavyoongeza. Chini ya mia tatu, uliza bei ya mtambo wa dijitali kwanza. Karatasi kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16 kwa kawaida, kwa hiyo panga kitabu cha kurasa 80, 96 au 112. Ukipanga 99 unalipia kurasa nyeupe. Omba kitabu kishonwe kwa uzi. Cha gundi tupu hakifunguki vizuri, na bango lililovuka kurasa mbili litamezwa katikati.

Sasa nyekundu. Mabango yetu yamejaa nyekundu ya kupiga kelele, na wino nne za mtamboni haziifikii yote unayoiona kwenye skrini. Mimi nilituma mafaili nikaenda zangu msibani Korogwe. Niliporudi, karatasi za kwanza zilikuwa zimeshapita mtamboni: kila soda ilikuwa imekuwa juisi ya ukwaju. Kosa la nani? Langu pia, maana sikudai sampuli ya rangi iliyosainiwa. Kaa kiwandani siku ya kwanza, beba maji na uvumilivu, shika karatasi inavyotoka, ipeleke nje kwenye mwanga wa jua. Taa za kule ndani zina ukijani.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu chako, kwa Tanzania utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Iombe mapema, kabla jalada halijafungwa.

Mgambo wamenizuia mara mbili. Nafanyaje? (Msomaji, Temeke)

Pole. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, salimia, jitambulishe kwa mtendaji, omba barua yenye muhuri. Muhuri unafanya kazi kuliko maelezo. Kaa mbali na kambi, vituo vya polisi na majengo ya serikali hata kama bango la karibu yake linakuita. Droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ukizuiwa, usibishane huku kamera iko jichoni. Ishushe, ndipo muongee. Mimi niliwahi kubishana nayo ikiwa jichoni. Kamera ililala ofisini kwao siku tatu.

Niweke pia vibao vya kuchora kwa mkono, vya vinyozi na gereji? (Msomaji, Nairobi)

Usiweke. Vile ni vizuri mno, vitakufunikia kazi yote, na yule mchoraji ana jina na mkono wake. Anastahili kitabu chake.

Shangazi, picha ya mwisho ya kitabu chako ni ipi? (Msomaji, Mwananyamala tena)

Wewe tena! Sawa. Mabango makubwa huchapwa kwenye turubai la plastiki, na likishushwa halitupwi. Linauzwa au linagawiwa, linakwenda kufunika mzigo wa lori, kuwa paa la kibanda, uzio wa bafu. Niliifuata familia ile ya sofa jeupe, ya Manzese. Fundi wa sofa ndiye aliyeniambia ilikokwenda: kwa shemeji yake, Chanika. Nikapanda daladala.

Nilimkuta baba wa tangazo amekatwa kichwani, amefunika banda la kuku. Mama na watoto walikuwa upande wa pili, wamegeuzwa ndani, kwa hiyo wanaowaona ni kuku tu. Namba ya simu ya benki inasomeka vizuri juu ya mlango. Shemeji aliniomba nisubiri kidogo kabla sijapiga, akaingia ndani kufagia mbele ya banda.