Maswali na Majibu: Nani Aguse Nini Kwenye Hifadhidata ya Afisi

Wasomaji wa Nairobi wametuuliza kuhusu kulinda hifadhidata inayotumiwa na watu wengi. Majibu yanahusu seva ya hifadhidata ya MySQL, toleo la 8.0 kwenda juu, isipokuwa pale tulipotaja Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft.

Tuko sita katika afisi ya wakala wa nyumba. Sote tunaingia kwa jina moja, root, lenye ruhusa zote, na nenosiri limebandikwa kando ya skrini. Bosi anasema ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Nianzie wapi kututenganisha? – Karani, Ngara

Anza na karatasi, kompyuta baadaye. Orodhesha kazi zilizopo afisini, wala si majina ya watu: kupokea kodi, uhasibu, usimamizi. Kando ya kila kazi andika majedwali inayoyagusa, na inayagusa vipi: kusoma, kuongeza, kubadilisha au kufuta. Utaona kwamba karibu kila mtu anahitaji kusoma na kuongeza, lakini wa kufuta ni wachache mno. Kwa risiti, hata mhasibu hana haja ya kufuta. Risiti yenye kosa hubatilishwa kwa ingizo jipya, ile ya kwanza ikabaki ilivyo.

Kila kazi sasa iwe jukumu (role), yaani kundi la ruhusa, ndani ya seva, na kila mtu awe na jina lake:

CREATE ROLE 'keshia';
GRANT SELECT, INSERT ON nyumba.risiti TO 'keshia';
CREATE USER 'wanjiku'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY '...' FAILED_LOGIN_ATTEMPTS 5 PASSWORD_LOCK_TIME 1;
GRANT 'keshia' TO 'wanjiku'@'192.168.1.%';
SET DEFAULT ROLE ALL TO 'wanjiku'@'192.168.1.%';

Mstari wa mwisho ndio husahaulika. Bila huo, Wanjiku ataingia vizuri kisha aambiwe hana ruhusa, kwa sababu jukumu alilopewa halijawashwa. Hapo mwenye haraka humpa ALL PRIVILEGES, na mko pale pale mlipoanza. Sehemu inayofuata alama ya @ inasema anaweza kuingia akiwa wapi. Ukiacha '%' peke yake, umemruhusu kutoka anwani yoyote ile, kwa hivyo weka anwani za mtandao wa afisi yenu. Vile vipengele viwili vya mwisho vya CREATE USER, vinavyohitaji toleo la 8.0.19 au jipya zaidi, hufunga akaunti kwa siku moja mtu akikosea nenosiri mara 5 mfululizo.

Nenosiri la root libadilishwe mwisho kabisa, kila mtu akishafanya kazi wiki nzima kwa jina lake. Kabla ya hapo fungua faili ya mipangilio ya programu mnayotumia na ile ya bekapu ya usiku. Mara nyingi root imeandikwa humo, na ukibadilisha bila kujua, asubuhi hakuna risiti itakayotoka.

Sacco yetu ya matatu inatumia Access kwenye folda ya pamoja. Nimeficha majedwali na faili ina nenosiri, ila bado kuna mtu anafuta rekodi. – Msimamizi, Ngong Road

Kuficha si kufunga. Mtu akibonyeza Shift wakati faili inafunguka, maandalizi yote ya mwanzo hurukwa na majedwali yanakuwa wazi. Unaweza kuzima ujanja huo kwa AllowBypassKey, lakini anayejua kuuzima anajua pia kuuwasha.

Nenosiri la faili ya .accdb husimba faili nzima, tena ni moja kwa wote: anayelijua anafanya lolote. Ule ulinzi wa zamani wa mtumiaji mmoja mmoja ulikuwa wa faili za .mdb, na aina mpya ya faili iliyoletwa na Access 2007 haina. Isitoshe, kila mtumiaji lazima aweze kuunda na kuandika faili katika folda hiyo, maana Access huweka humo faili ya kufuli ya .laccdb. Kwa hivyo yeyote anaweza kunakili hifadhidata nzima kwenye flashi na kuondoka nayo.

Ushauri wetu ni mmoja: Access ibaki na fomu na ripoti tu, majedwali yahamie MySQL au PostgreSQL na kuunganishwa kwa ODBC, kiunganishi cha programu na hifadhidata. Wakati wa kuunganisha, usikubali kuhifadhi nenosiri, kwa kuwa litakaa ndani ya faili likiwa wazi.

Msimamizi wetu wa mfumo aliacha kazi, tukafuta akaunti yake. Kesho yake ripoti zikakataa, zinaleta kosa 1449. – Mhasibu, Industrial Area

Ripoti hizo zinategemea view (maulizo yaliyohifadhiwa yanayosomwa kama majedwali) zilizoundwa kwa jina lake, na MySQL huziendesha kwa ruhusa za aliyeziunda. Jina halipo tena, basi zimekwama. Unda upya akaunti ile ile, jina na anwani vifanane kabisa na vya awali, irudishie SELECT kwenye majedwali husika tu, kisha ifunge:

ALTER USER 'jina'@'localhost' ACCOUNT LOCK;

Akaunti iliyofungwa haiwezi kuingia, lakini view zake zinaendelea kufanya kazi. Mkipata nafasi, ziundeni upya kwa akaunti isiyo ya mtu yeyote, nayo ifungwe vivyo hivyo.

Siku nyingine mtu akiondoka, fungeni akaunti siku hiyo hiyo bila kuifuta. Kumbukeni kufunga hakumtoi aliyekwisha kuingia: tazameni SHOW PROCESSLIST, kisha mkate muunganisho wake kwa KILL.

Mkurugenzi anadai ruhusa zote kwa sababu kampuni ni yake. Nimkatalieje? – Afisa wa TEHAMA, Westlands

Mwambie kwamba virusi vikiingia kwenye laptopu yake, vitaweza kufanya kila anachoweza kufanya yeye. Mpe SELECT kwenye hifadhidata nzima, aone kila kitu. Nenosiri la root liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu ya mkunjo, ikae kwenye sefu yake. Kwa njia hiyo analo, na bahasha ikifunguliwa itajulikana.

Katika kliniki yetu, mtu wa mapokezi anahitaji jina na simu ya mgonjwa. Sitaki aone ugonjwa. – Eastleigh

Unaweza kutoa ruhusa kwa safu chache tu za jedwali, ila programu nyingi huomba safu zote kwa SELECT * na zitakataliwa. View ni nafuu zaidi:

CREATE VIEW wagonjwa_mapokezi AS SELECT namba, jina, simu FROM wagonjwa;

Mpe SELECT kwenye hiyo peke yake. Kisha endesha SHOW GRANTS FOR ukitaja jina lake, uhakikishe hana ruhusa ya zamani kwenye kliniki.*, yaani hifadhidata nzima. MySQL hujumlisha ruhusa, kwa hivyo ile pana huipiku ile finyu, na huwezi kumpa hifadhidata nzima kisha ukamnyima jedwali moja.

Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zikivuja na kuwe na hatari halisi ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mjue. Msisahau bekapu: ruhusa zinabaki kwenye seva, faili ya bekapu inayotolewa na mysqldump haizifuati. Aliye na faili hiyo ana kila ugonjwa wa kila mgonjwa, basi isimbwe kabla ya kutoka kwenye seva.

Kuna kiasi cha pesa kilibadilishwa kwenye risiti. Nitajuaje ni nani? – Duka la vipuri, Kirinyaga Road

Kwa lililopita, huenda usijue, kwani MySQL yenyewe haiandiki nani alibadilisha mstari gani. Kwa yajayo, unda jedwali la historia na triga (amri inayojiendesha yenyewe) ya AFTER UPDATE, yaani baada ya badiliko, kwenye risiti, iandike kiasi cha zamani, kiasi kipya, saa na jina. Keshia asipewe ruhusa yoyote kwenye historia. Triga itaandika hata hivyo, maana inatumia ruhusa za aliyeiunda.

Ndiyo sababu jina lichukuliwe kwa USER(), usitumie CURRENT_USER(). Na ikiwa programu yenu huingia kwenye seva kwa akaunti moja kwa niaba ya wote, USER() italeta jina la programu tu. Hapo aliyeiunda aibadilishe ipitishe jina la mtu kila inapoandika. Jaribu kwa risiti ya majaribio ukiwa umeingia kwa jina la keshia. Historia ikionyesha jina lako wewe uliyeunda triga, umetumia ile isiyofaa.