Kaboni ya majani na ya mwani zimelingana: nitajuaje lava wa wadudu wamekula nini?

Swali: Nachunguza mtandao wa chakula katika kijito chenye msitu pande zote mbili. Nimepima isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za kaboni na nitrojeni. Kaboni-13 (kaboni nzito) ya majani yaliyodondoka ni −28.4 kwa elfu ikilinganishwa na kipimo cha kimataifa, ya mwani niliokwangua kwenye mawe −27.9, na ya lava wa wadudu −28.0. Programu ya kukadiria mchango wa kila chakula inasema lava wamekula vyote viwili nusu kwa nusu. Niiamini?

Jibu: Usiiamini. Programu imekosa tofauti ya kushika, ikagawa katikati. Tazama upana wa makadirio yake, si wastani peke yake. Sitashangaa ukikuta yanaanzia karibu na asilimia sifuri hadi karibu na mia.

Kabla ya kulaumu kaboni, weka huo "mwani" chini ya hadubini. Utelezi wa kwenye mawe una bakteria, kuvu, tope na vipande vya majani yaliyooza, na mara nyingi mwani wenyewe ni sehemu ndogo tu. Huenda umepima majani mara mbili.

Ukiona kweli ni mwani, rudi kijitoni ukatumie kasi ya maji. Maji yakienda polepole, kaboni dioksidi haiufikii mwani kwa wepesi, basi unachukua inayopatikana bila kuchagua sana kati ya kaboni nyepesi na nzito, na kaboni-13 yake inapanda. Penye kasi inashuka. Majani ya miti hayabadiliki kwa hilo, maana kaboni yake ilitoka hewani. Kusanya mwani na lava wa aina ileile kwenye vidimbwi na kwenye maporomoko madogo. Thamani za lava zikifuata za mwani toka sehemu moja hadi nyingine, wanakula mwani. Kwenye kivuli kizito tofauti hii huwa ndogo, kwa hiyo pima mwani kwanza ndipo ulipie sampuli za lava.

Mwani ukikataa kutofautiana, ongeza hidrojeni. Deuteri (hidrojeni nzito) ya mwani huwa chini ya ile ya majani ya nchi kavu kwa kiasi kinachoweza kufika 100 kwa elfu, pengo ambalo kaboni hailitoi. Ila sehemu ya hidrojeni ya mnyama hutoka kwenye maji anamoishi, si kwenye chakula. Hesabu isiyoliondoa hilo itakudanganya. Asidi za mafuta nazo zinasaidia: EPA, mojawapo ya asidi hizo, ni nyingi kwenye diatomu (aina ya mwani mdogo sana), na kwenye majani ya miti karibu haipo.

Nitrojeni uliyopima usiitupe, ingawa haitakujibu swali hili. Nitrojeni-15 (nitrojeni nzito) hupanda kwa wastani wa 3.4 kwa elfu kila ngazi ya ulaji, kwa hiyo itakuonyesha samaki wa kijito wapo ngazi gani. Anzia hesabu kwa konokono wakwangua mawe, kwa sababu nitrojeni ya mwani huyumba wiki hadi wiki na mwili wa konokono unaitunza kwa muda mrefu zaidi.