"Mfumo Umekataa" Si Sababu

Niliomba mkopo usiku, simu mkononi. Nikabonyeza "tuma", nikaenda jikoni kunywa maji. Niliporudi, jibu lilikuwa limeshaingia: ombi lako halikufanikiwa. Miaka yangu kumi na mmoja ya kazi ilipimwa kwa muda wa kumaliza glasi moja ya maji.

Kesho yake nikamfuata afisa mikopo. Kijana mstaarabu kabisa. Akanigeuzia kompyuta nione mstari mwekundu, akasema, "Mfumo umekataa." Kwa nini? Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye naye hajui. "Hilo mfumo ndio unajua."

Wengi wetu hapo hugeuza njia tukarudi nyumbani. Hata mimi nilirudi, nikakaa wiki mbili nikijikagua nimekosea wapi maishani. Usifanye hivyo. Andika barua.

Andika, usipige simu. Ya simu huishia simuni. Barua yangu ilikuwa na maswali matatu tu. Uamuzi huu umefanywa na mashine peke yake, au yupo mtu aliyehusika? Ni taarifa zangu zipi zilizotumika, na zipi zilizoniangusha? Nani ana mamlaka ya kuutengua? Kisha taja sheria kwa jina lake. Barua isiyotaja sheria inasomwa kama manung'uniko. Inayotaja inapelekwa kwa mwanasheria wao. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, kinachokuruhusu kudai uamuzi wa mashine uangaliwe upya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ulaya kuna GDPR, sheria yao ya kulinda data binafsi, kifungu cha 22. Marekani mkopeshaji anawajibika kukupa sababu mahususi za kukukatalia, na mwaka 2022 mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilisema wazi kwamba ugumu wa programu si kisingizio cha kutozitaja.

Majibu yangu yalikuja kwa karatasi nne. Mbili za kwanza ni maneno ya kisheria, ziruke. Kwenye ya tatu nikakuta kipengele kinaitwa "uthabiti wa makazi", na mbele yake: mdogo. Eti nimehama mara tatu ndani ya mwaka. Sijahama hata mara moja! Nikaangalia hizo nyumba tatu: anwani ni ileile, mara imeandikwa kwa kirefu, mara kwa kifupi, mara namba ya nyumba imetangulia. Mashine ikaona mtu asiyetulia.

Nilipoomba mtu alipitie jambo hilo, nikaambiwa limeshapitiwa na binadamu. Binadamu mwenyewe ni yule kijana mstaarabu, na alichopitia ni mstari uleule mwekundu. Ndiyo maana sishawishiki na sheria inayotosheka na kauli ya "lazima mtu awepo". Mtu yupo, lakini hana ufunguo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliugusa ujanja huu Desemba 2023 katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayotoa alama za mkopo, yaani makadirio ya kama mtu atalipa deni. Ilisema kama benki inaegemea sana alama hiyo, basi kuitoa alama yenyewe ni uamuzi wa mashine, hata kama mwisho kuna mkono wa mtu uliotia saini. Mimi ningeongeza swali la kumuuliza huyo mtu wao: mara ya mwisho uliukatalia mfumo lini?

Sisemi mashine zipigwe marufuku. Afisa wa zamani aliweza kukunyima kwa sababu ya sura yako au kabila lako, na hakuna ambaye angejua. Mashine angalau inapimika. Kampuni ya iTutorGroup ilishitakiwa Marekani kwa programu ya ajira iliyokuwa ikiwatupa wanawake wa miaka 55 na zaidi, na wanaume wa miaka 60 na zaidi. Ilibainika baada ya mwombaji mmoja kutuma maombi mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyeonekana kijana akaitwa kwenye usaili. Mwaka 2023 kampuni ikakubali kulipa dola 365,000. (Wewe usijaribu hivyo kwenye fomu ya mkopo, utaitwa tapeli.) Kipimo cha aina hiyo ndicho ningependa wadhibiti wakifanye wenyewe, kabla mfumo haujagusa ombi la mtu yeyote. Sheria ya Akili Mnemba ya Ulaya, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024 na kupangwa itumike kwa awamu, imeiweka mifumo ya mikopo, ajira na bima za maisha na afya kwenye kundi la hatari kubwa. Ni mwanzo mzuri, ila kwenye sheria ya namna hii mimi huenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaosema nani atakagua na atalipwa na nani.

Mkopo niliupata baada ya miezi miwili na barua tatu. Hakuna aliyeniomba radhi, na sikutegemea. Siku hizi anwani yangu ipo kwenye kikaratasi ndani ya pochi, na kila fomu inayonijia naijaza kwa kuinakili humo, herufi kwa herufi, hadi nukta ya mwisho.