Zamu ya jumuiya inaruka nyumba yetu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tunaishi Ipuli, Tabora mjini. Mume wangu kazaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972. Jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa ina kaya 14 na tunasali kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, lakini huu mwezi wa saba tangu tuhamie hawajawahi kusali kwetu. Juzi mama mmoja akasema mbele za watu, "Wakimbizi nao wasubiri." Mume kagoma kwenda. Nimeandika ujumbe wa kuwatolea uvivu wanafiki wote kwenye kundi la WhatsApp, sijautuma bado.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiutume.

Hapo kuna mambo mawili, na ukiyachanganya utakosa yote. La zamu ni hesabu: kaya 14, mzunguko mmoja wiki 14. Miezi saba ni kama wiki 30, kwa hiyo mngeshapata zamu mara mbili. Mpelekee mwenyekiti hesabu hiyo nyumbani kwake, si mbele ya watu. Mara nyingi chanzo ni uzembe tu: katibu anauliza "wiki ijayo nani atatukaribisha?", wanajibu walewale. Omba zamu iandikwe daftarini kwa mpangilio wa nyumba.

La neno "wakimbizi" ni la yule mama. Mfuate peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, na umtajie neno hilo moja tu, usimfufulie ya zamani. Cheti cha uraia cha mumeo kiache kabatini. Vyeti hivyo vya Warundi wa 1972 vilianza kugawiwa 2014 na anayebisha akabishane na serikali. Ila ukikibeba jumuiyani, umekubali kwamba pale watu hukaa kwa karatasi.

Zamu yenu ikifika, chagueni 1 Petro 2:9-10. Petro anawaandikia watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na anawaita wageni waziwazi. Haohao anawaambia walikuwa si taifa, sasa ni taifa la Mungu. Hawakuwa wamepata rehema, sasa wameipata. Maneno hayo yana asili kwa Hosea, aliyeagizwa kumwita bintiye Lo-ruhama, asiyehurumiwa, na mwanawe Lo-ami, si watu wangu. Hebu fikiria mtoto anaitwa jina hilo aje kula! Baadaye Mungu mwenyewe akayageuza. Basi chini ya mwembe wenu hakuna mwenyeji. Yule mama kaingia kwa rehema, mumeo vilevile, na wewe mwenye ujumbe wa "wanafiki wote" umepita mlango huohuo.

Someni kwa hatua saba, ile njia ya jumuiya ya kusoma Neno pamoja. Pale pa kurudia neno lililokugusa, litamkwe tu bila maelezo. Ukimya uwe wa dakika tatu kweli. Watu huukata kwa pambio kwa sababu unawatisha. Kwenye kushirikishana ndipo mafumbo hupenyea, kwa hiyo kiongozi aombe kila mtu aseme "mimi", si "kuna watu humu". Hatua ya sita, ya kupanga tendo, ndiyo huliwa na matangazo ya michango. Taarifa ya mhazini isubiri sala ya mwisho.

Mumeo usimburute. Mwambie tarehe, umtume akaazime mabenchi.

Na chai kwa viazi vitamu inatosha. Ukipika pilau, mjane wa nyumba inayofuata ataanza kuomba zamu imruke.