Igeuze usome nyuma kabla hujatoa hela

Mkuu, weka pembeni kwanza habari za 5.1 na 7.1, yaani hesabu ya spika. Umesema umepata risiva ya mtumba, ile amplifaya ya kuendesha spika za tivii na siyo king'amuzi, pale Kilombero hapa Arusha kwa shilingi 350,000, "imetoka Marekani, haijaguswa", na kesho unaipeleka nyumbani Njiro ukaifunge kwenye tivii ya inchi 43. Kabla hela haijatoka mfukoni, igeuze. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kuna maandishi madogo. Ukikuta AC 120V 60Hz, au 100V kwa zile zilizouzwa Japani, usiichomeke ukutani. Umeme wetu ni volti 230.

Nimeona hapo juu mtu kakuandikia "chomeka tu, zinajirekebisha zenyewe kama chaja ya simu". Hayo hayo ndiyo aliyonilisha muuzaji wangu. Chaja imeandikwa 100-240V kwa sababu imeundwa hivyo. Risiva nyingi, hasa hizi za zamani, zina transfoma nzito ya shaba, ndiyo inayokuchosha mikono ukiibeba, na imesukwa kwa volti 120 basi. Ukiilisha 230, umeme unaoingia kwenye saketi unakaribia mara mbili. Yangu ilinguruma, halafu sebule ikajaa harufu ya vanishi inayoungua. Fundi wa Ngarenaro alipofungua mfuniko, nyaya za transfoma zilikuwa nyeusi tii, kapasita kubwa mbili zimevimba vichwa. Kuisuka upya na kubadilisha vifaa alitaka hela inayokaribia niliyonunulia.

Kinachoniuma mpaka leo ni hiki: dukani tuliijaribu, ikaimba vizuri. Niliporudi kulalamika ndipo nikaona stepdauni, ile transfoma ya kushusha umeme wa ukutani, chini ya meza, imefunikwa kwa boksi. Alijua! Kifaa kiko miguuni pake, na bado ananiangalia usoni ananiambia nenda kachomeke, kaka, haina shida. Huo ni wizi. Na angeweza kuchoma nyumba ya mtu yenye watoto ndani.

Kwa hiyo ukienda kesho, fuata waya kwa macho yako mpaka kwenye soketi ya ukutani. Zipo risiva zenye swichi ya volti nyuma, 110 na 220 au 240. Hizo chukua, ila iweke upande wetu kabla ya kuwasha. Kama ni ya 120V tupu na umeipenda mno, ingiza bei ya stepdauni kwenye hesabu, na isiwe ya kubana: risiva imeandikwa wati 400, tafuta ya 1000. Ya 100V inataka stepdauni ya kutoa 100, siyo 110.

Redio nayo utaikosa. Ya Japani ya zamani inaishia FM 90, shida ile ile ya magari yetu. Nyingi za Marekani zinaruka desimali moja moja, 88.1, 88.3, kwa hiyo stesheni ya 88.4 huipati sawasawa.

Wati elfu kadhaa za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi ni za kutangazia biashara, usizihesabu, uliza RMS, yaani wati inazotoa mfululizo. Na HDMI iwe na ARC, sauti ya tivii irudi kwa waya huo huo.

Muuzaji akikataa usiigeuze, ondoka hapo hapo. Akikubali, piga picha ya nyuma uitupie hapa kabla hujalipa. Nipo mpaka usiku.