Sauti ya bata muuza tambi

Swali: Asalam alaykum mhariri, niko Wete, juzi nakunja nguo huku watoto wanaangalia filamu ya katuni Kung Fu Panda, yule bata muuza tambi sauti yake naijua kabisa, ni nani?

Jibu: Waalaykum salaam dada, masikio unayo! Ni James Hong, kazaliwa Minneapolis, Marekani, 1929, kasomea uinjinia kisha akaingia kuigiza, na tokea miaka ya 1950 katokea kwenye tamthilia na filamu zaidi ya 400, nyingi dakika chache tu. Kwenye Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya Marekani, 1991 ndo yule mpokea wageni wa mgahawani, kila wateja wakiuliza meza anawajibu dakika tano, kumi, na njaa inawauma. Nyota ya heshima, ile yenye jina la msanii kwenye njia ya watembea kwa miguu Hollywood, kapewa 2022 ana miaka 93, mie naona wamemchelewesha sana.