Wasomaji Wauliza: Kimbunga Kikitangazwa, Lamu na Malindi Tufanyeje?

Kila kikitangazwa kimbunga Bahari ya Hindi, jirani zangu hukimbilia kununua mchele. Mbona chenyewe hakifiki? – Msomaji, Malindi

Kimbunga hutaka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, na hutaka pia mzunguko wa dunia uupinde upepo mpaka uzunguke. Joto tunalo, hasa Machi na Aprili. Tusichonacho ni huko kupindwa, maana karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, na Malindi iko nyuzi 3 tu kusini, Lamu 2. Kimbunga Hidaya, mnamo Mei 2024, kilitua kisiwa cha Mafia, Tanzania, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenu.

Mchele basi hauna ubaya, lakini si hapo pa kuanzia. Kinachofika huku ni upepo mkali, mvua na mawimbi, na mawimbi husafiri mamia ya kilomita hata pale kimbunga chenyewe kimeshakufa. Yakikutana na bamvua, yaani maji makuu yajayo mara mbili kwa mwezi, bahari hupanda pasipo kawaida yake. Kwa hiyo tazama mwezi kwanza: siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu ndizo za kuchunga. Tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ikiangukia maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, una nafuu kidogo.

Mashua yangu niiache majini au niipandishe? – Mvuvi, Lamu

Kama watu wa kuisukuma wapo, ipandishe, tena ivuke ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua iliyopita. Ikibaki majini, iingize mkono wa bahari wenye mikoko, usiiache upande wa bahari kuu. Shusha foromali, yaani boriti inayoshika tanga, pamoja na tanga lenyewe; upepo hushika hata tanga lililokunjwa.

Kosa kubwa ni amari, yaani kamba ya nanga, kuwa fupi. Wengi hupima kina maji yakiwa yamekupwa, wakasahau kwamba bamvua huongeza kama mita 3. Kina cha mita 3 kikiwa 6, amari itakiwayo ni mita 42, yaani mara saba. Ikiwa fupi, kila wimbi huivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza, nayo hung'oka. Funga mita chache za mnyororo kwenye nanga, na pale amari inapokwaruza ukingo wa chombo izungushie kipande cha mpira wa maji. Kamba nyingi hukatika hapo, wala si katikati. Mvua ikitua, fua maji, yaani yachote uyamwage nje, mapema kabla mashua haijalemewa.

Na paa la makuti? – Msomaji, Lamu

Litandaze wavu kuukuu juu yake, uufunge kwenye nguzo, si kwenye fito. Kileleni ndiko kunakoanza kufumuka.

Mama mkwe ni mtu mzima na joto hili linamchosha. Nimpe nini? – Msomaji, Malindi

Maji kidogo kidogo, asisubiri kiu. Akitoka jasho jingi au akiharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mwenye kisukari, presha au maradhi ya figo amuulize daktari kwanza. Akianza kuweweseka na mwili unawaka, mmwagie maji, mpepeeni, na gari la hospitali liitwe papo hapo. Msimlazimishe kunywa akiwa hajitambui.